Kipaumbele Si Kupisha

Nina ugomvi na neno kipaumbele. Si kwamba neno lenyewe ni baya. Lina sura ya nyumbani, na kila alisikiaye huona papo hapo mtu akipewa nafasi ya mbele. Ugomvi wangu ni na wale walioligeuza kuwa gunia la kutilia kila kitu. Katika mipango ya maendeleo vipaumbele huwa kumi na viwili, na hicho cha kumi na mbili hakijui kama kiko mbele au kiko nyuma. Hayo nimeyazoea. Lakini neno hilo lilipoingizwa katika mafunzo ya kompyuta kwa Kiswahili na kubebeshwa dhana mbili ambazo moja ni kinyume cha nyingine, niliona kuwa kuendelea kunyamaza ni kuwaacha vijana wapotee huku tukiwatazama.

Mtauliza: malenga na kompyuta, wapi na wapi? Nami nauliza: msamiati wa kompyuta mmemwachia nani? Mtunzi anayekesha akitafuta neno la mizani nane lisiloharibu kina ndiye mwenye sikio la kutambua neno lililokaa vibaya. Mwenye sikio hilo asipoitwa, istilahi zetu hutungwa na mtu mwenye haraka, anayefungua kamusi ya Kiingereza, anachukua maana ya kwanza aionayo na kufunga kamusi. Siku hizi hata mtu huyo hayupo. Mashine hutafsiri, nasi tunanakili.

Niieleze kwanza dhana yenyewe, kwa maana huwezi kulihukumu neno kabla hujaijua kazi yake.

Kompyuta yenye prosesa moja hufanya kazi moja tu kwa wakati mmoja. Tunapoona saa ikitembea, muziki ukilia na barua ikiandikwa kwa pamoja, ni kiinimacho. Prosesa huzipa kazi hizo zamu, kila moja kipande kidogo mno cha sekunde, kisha huiweka kando na kuita nyingine. Hata kompyuta zenye prosesa nne au nane hali ni hiyo hiyo, kwa sababu wanaosubiri huwa wengi kuliko wahudumu. Kila kazi inayoendelea humo huitwa mchakato. Neno hilo nimelikubali, ingawa wanasiasa wamelichosha. Na sehemu ya mfumo endeshi inayoamua nani aingie na nani angoje, mimi naiita mpangazamu.

Vitabu vingi vya mafunzo huandika "upangaji ratiba". Hapo napo sikubali. Ratiba hubandikwa ukutani mwezi Januari, na aliyeiandika anajua Jumatano saa tatu ni Jiografia, kidato cha pili B. Mfumo endeshi haujui chochote cha namna hiyo. Haujui nani atafungua programu gani baada ya dakika moja. Unafanana na kinyozi wa stendi ya Muleba: hana ratiba, ana benchi na watu walioketi, na ana zamu. Akiingia mtu mwenye safari ya Bukoba anayelichungulia gari lake, zamu zinaweza kubadilika. Neno zamu tunalo, tena kila mtoto aliyesoma Tanzania anamjua mwalimu wa zamu. Kwa nini tumwache huyo tukamfuate wa ratiba?

Sasa tufike kwenye kiini cha ugomvi.

Katika mifumo ya ukoo wa Unix, na Linux ikiwamo, kila mchakato wa kawaida hubeba namba inayomwongoza mpangazamu. Namba hiyo huanzia -20 na kuishia 19. Asiyepangiwa chochote huwa na 0. Kwa Kiingereza namba hiyo huitwa nice, na ipo amri ya jina hilo hilo ya kuanzishia programu ikiwa na namba uitakayo, na nyingine iitwayo renice ya kubadilishia namba ya programu ambayo tayari inakimbia. Msomaji ambaye hajawahi kuigusa nampa swali dogo: kati ya mwenye -20 na mwenye 19, nani hutangulia?

Hutangulia mwenye -20. Mwenye 19 ndiye wa mwisho kabisa.

Sasa chukua kijitabu cha mafunzo kinachoandika: "Kipaumbele cha mchakato huwa kati ya -20 na 19." Mwanafunzi aliyefundishwa hesabu vizuri atasemaje? Kumi na tisa ni kubwa kuliko sufuri. Kipaumbele kikubwa ni kutangulia zaidi. Basi mwenye 19 ni mkubwa wa wote. Mantiki yake haina kasoro. Kasoro iko katika neno alilopewa. Wapo waandishi wanaoliona tatizo wakaongeza sentensi ya kuomba radhi: "kumbuka kuwa namba ndogo ina maana ya kipaumbele kikubwa." Sentensi hiyo ni kiraka. Ungechagua kitambaa kizima tangu mwanzo, kiraka kisingehitajika.

Nilishuhudia gharama yake katika shule moja ya sekondari wilayani Muleba ambako hupita mara kwa mara tangu nistaafu. Wana kompyuta chache za msaada, kuukuu, zinazotumia Linux. Mwalimu mmoja kijana, mwenye bidii ambayo ningependa kuiona kwa wengi, alikuwa anageuza mamia ya kurasa za mitihani ya zamani zilizopigwa picha ziwe maandishi yanayoweza kuhaririwa. Kazi hiyo huila prosesa kama senene wanavyoliwa Novemba. Kompyuta hiyo hiyo ilikuwa na shughuli nyingine, na mitihani ilikuwa inasubiriwa kesho yake. Akafungua kijitabu chake, akasoma "kipaumbele", akaipa kazi yake 19 ili ikimbie. Ikazidi kuchechemea. Alipong'amua kuwa mambo yamegeuka, akataka kuirudisha kwenye 0. Mfumo ukamkatalia: huna ruhusa. Ilimbidi achague mojawapo, ama aue mchakato na kuanza upya kurasa zote, ama ampate fundi mwenye nywila ya mtumiaji mkuu, naye fundi alikuwa Bukoba mjini na simu haipatikani. (Kijitabu kile kilimwita mtumiaji mkuu "mtumiaji mzizi", kwa kuwa Kiingereza husema root. Nilicheka peke yangu. Kwetu huku ukitaja mtumiaji mizizi, watu hawafikirii kompyuta.)

Mwalimu yule hakuwa na kosa. Alisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa, akakitii.

Turudi kwa neno nice lenyewe. Waingereza walilipokea kupitia Kifaransa cha kale, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya mtu asiyejua kitu. Karne kwa karne likahama kutoka mjinga hadi mpole hadi mzuri. Waundaji wa Unix walilichukua katika maana ya mtu muungwana, asiyewasukuma wenzake. Mchakato wenye nice kubwa ni ule unaosema: tangulieni, mimi nitafuata. Basi mtafsiri anayeandika "uzuri" au "wema" ameitafsiri herufi akaiacha dhana njiani, na anayeandika "kipaumbele" ameitafsiri dhana ikiwa imepinduka, miguu juu.

Kiswahili kina neno la kazi hiyo, na halihitaji kuundwa. Neno hilo ni kupisha.

Wapenzi wa sarufi wataona uzuri wake mara moja. Mzizi ni pita. Kama pata inavyozaa pasha, ndivyo pita inavyozaa pisha: kumfanya mwingine apite. Anayepisha hajafukuzwa wala hajaadhibiwa. Amesogea ili mwenzake apate njia. Kisha mnyumbuliko unatuletea familia nzima bila gharama. Michakato miwili inayoachiana prosesa inapishana. Aliyepewa njia amepishwa. Na namba ile sasa inapata jina lake halali, kiwango cha kupisha. Mwenye kiwango cha 19 anapisha sana. Mwenye 0 anapisha kama watu wote. Mwenye -20 hapishi mtu. Mwambie hivyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza, kisha muulize nani atatangulia. Hatakosea, na hutahitaji kiraka.

Nililijaribu neno hili kwa kuangalia kama linabeba na tabia nyingine za namba hiyo, kwa sababu istilahi nzuri hueleza hata yale ambayo hukulitungia.

Ipo sheria ya ruhusa, ile iliyomnasa mwalimu wetu. Kwa desturi ya Unix, mtumiaji wa kawaida anaweza kupandisha namba ya mchakato wake apendavyo, lakini hawezi kuishusha, hata kurudi pale alipoanzia. Mkuu wa mfumo peke yake ndiye awezaye, ingawa Linux ya siku hizi humruhusu mkuu huyo kumwekea mtumiaji kipimo cha kushuka. Ukisema "kipaumbele", sheria hii ni kitendawili: kwa nini niruhusiwe kuongeza nisiruhusiwe kupunguza? Ukisema "kupisha", haihitaji maelezo. Bandarini Bukoba, watu wamejipanga kupanda MV Victoria kwenda Mwanza. Wewe kumpisha mama mwenye mtoto mgongoni ni hiari yako. Huombi kibali cha mtu. Lakini ukishawapisha watu kumi kisha ukataka kurudi mbele yao, hapo utahitaji mwenye mamlaka, na watu kumi watakuwa na la kusema.

Kuna na hili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Mchakato wenye kiwango cha 19 ukiwa peke yake, hakuna mwingine anayetaka prosesa, hupewa prosesa yote. Haucheleweshwi hata kidogo. Neno "kipaumbele cha chini" linamdanganya mwanafunzi kwamba mchakato huo umepunguziwa mwendo, kama gari lililofungiwa kidhibiti. Kupisha hakudanganyi. Njiani kusipokuwa na mtu, unampisha nani? Unapita tu.

Na wenzao wakiwapo? Kwa miaka mingi kiini cha Linux kimeipa kila namba uzito wake: 0 ina uzito wa 1024, 5 ina 335, 10 ina 110, na 19 ina 15. Michakato miwili ikigombea prosesa moja, mmoja wa 0 na mwingine wa 5, hugawana muda kwa takriban robo tatu na robo moja. Wa 0 na wa 19 wakigombea, wa kwanza hupata asilimia 98 na ushei, na wa pili hupata asilimia moja na ushei. Tazameni vizuri: apishaye hupewa kidogo, lakini hupewa. Hiyo ndiyo tofauti ya kupisha na kufukuzwa, na hesabu ya mashine inakubaliana na Kiswahili kuliko inavyokubaliana na kijitabu.

Tena mchakato unapozaa mwingine, mtoto huanza na kiwango cha kupisha cha mzazi wake. Hapo sisi walimu tulioishi na watoto wa watu miaka mingi hatuna la kuongeza.

Niliwaandikia vijana wa shule ile ubeti mmoja wa tarbia waukariri badala ya jedwali. Sidai kuwa ni utunzi mkubwa:

Kumi na tisa si jumbe, bali ndiye apishaye,
Hasi ishirini wembe, hana amsubiriye,
Sufuri ndiye kiumbe, wa kawaida ajaye,
Mwenye nguvu tumuombe, ampishe angojaye.

Isije ikadhaniwa kwamba nataka kulifuta neno kipaumbele katika fani hii. Nataka lirudi nyumbani kwake. Zipo namba ambazo kweli ni za kipaumbele. Katika Windows, vipaumbele huanzia 0 hadi 31, na mwenye namba kubwa ndiye wa mbele. Hata ndani ya Linux yenyewe, pembeni ya michakato ya kawaida, ipo michakato ya wakati halisi, ile isiyovumilia kuchelewa, nayo hupewa namba kati ya 1 na 99. Humo mwenye 99 ndiye wa kwanza, na michakato yote ya namna hiyo hutangulia ile ya kawaida. Yaani ndani ya kompyuta moja, mbele ya mwanafunzi mmoja, kuna namba mbili: moja ikikua unasogea mbele, nyingine ikikua unasogea nyuma. Kuziita zote kipaumbele ni sawa na kuita kaskazini na kusini kwa jina moja, kisha kumlaumu msafiri aliyepotea.

Na kipaumbele cha kweli kina mikasa yake inayostahili lugha safi. Chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi Julai 4, 1997. Baada ya siku chache kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha. Sababu ilikuwa hii. Kazi ndogo ya kukusanya habari za hali ya hewa ilikuwa imeshika ufunguo wa kitu ambacho kazi kubwa ya kusimamia mawasiliano ya ndani ya chombo nayo ilikihitaji. Kazi kubwa ikangoja ufunguo. Mara ikaingia kazi ya kati, isiyohitaji ufunguo huo, ikaipita ile ndogo kwa haki yake ya daraja. Ndogo ikakwama na ufunguo mkononi, na kubwa ikaendelea kungoja mlangoni. Mlinzi wa mfumo alipoona kubwa haijatimiza wajibu wake kwa wakati, akadhani kuna ajali, akawasha kompyuta upya.

Wahandisi wakiwa duniani walilitambua tatizo na kulirekebisha kwa kuwasha kanuni ambayo tayari ilikuwamo katika programu: kazi ndogo ikishika ufunguo unaongojwa na kubwa, hupewa daraja la ile kubwa kwa muda, imalize haraka, irudishe ufunguo, kisha irudi chini. Waingereza huiita kanuni hiyo urithi, na watafsiri wetu wakaandika "urithi wa kipaumbele" bila kufikiri mara mbili. Jamani! Kwetu Kagera watu wanafikishana mahakamani kwa ajili ya urithi wa vibanja. Nani aliwahi kurithi kibanja kwa dakika tano kisha akakirudisha? Hilo ni kuazima. Kipaumbele cha kuazima: mwanafunzi anaelewa kwamba kimetoka kwa mwenyewe na kitarudi kwa mwenyewe.

Upande wa kusoma namba hizo nao una jambo ambalo watu wa lugha watalifurahia. Mwandishi wa programu anaweza kuuliza mfumo: kiwango cha mchakato fulani ni kipi? Mfumo humjibu kwa namba. Ukishindwa kujibu, kwa mfano mchakato umekwisha kufa, humjibu -1. Lakini -1 ni kiwango halali, kimo kati ya -20 na 19. Je, jibu la -1 ni habari au ni kilio? Tunaijua hali hiyo. Kaa ni mnyama wa pwani, ni kipande cha moto, ni amri ya kuketi. Neno peke yake halitoshi, unatazama jirani zake. Mwandishi wa programu hufanya hivyo hivyo. Kabla ya kuuliza, hufuta daftari la makosa. Akishajibiwa, hutazama kama daftari limeandikwa kitu. Likiwa tupu, -1 ni kiwango. Likiwa na maandishi, -1 ni kosa.

Kiini cha Linux chenyewe kiliukwepa utata huo kwa njia inayonipa ushahidi wa mwisho. Kikiulizwa, ndani kwa ndani hakitoi kiwango cha kupisha. Hukitoa katika 20, hata -20 ikawa 40 na 19 ikawa 1, namba zote chanya, kisha maktaba ya programu ndiyo huzigeuza zirudi katika sura ya kawaida kabla mwandishi hajaziona. Basi kwa dakika ile, humo ndani, kuna kipaumbele halisi: 40 yuko mbele, 1 yuko nyuma. Nje kuna kupisha, ndani kuna kipaumbele, na katikati kuna hesabu ya kutoa. Mashine isiyo na mama wala baba imeona kuwa hizi ni namba mbili tofauti. Kamati zetu zinasubiri nini?

Nimeshasikia pingamizi. Mmoja aliniambia "nipishe" ni lugha ya wasukuma mikokoteni sokoni. Sawa; na "kuchakata" kulikotupa mchakato na kichakataji kulianzia wapi kama si katika kazi za mikono? Lugha haioni aibu ya soko. Wahunzi wa kale wa ziwa hili, ambao tanuri zao za kuyeyushia chuma zilifukuliwa Kemondo zikiwa na umri wa zaidi ya miaka elfu moja, walikiita kila chombo cha kazi yao kwa jina la kwao, na chuma kikaiva.

Mwingine akapendekeza "upole". Huyu alinitia shaka kwa muda, kwa kuwa upole uko karibu. Lakini upole umekaa ujirani mmoja na polepole, na polepole ni mwendo. Tunarudi kwenye uongo ule ule kwamba mwenye 19 anatembea taratibu. Uungwana nao ni neno pana mno. Muungwana hupisha, lakini hulipa madeni pia.

Wa tatu alilalamika kwamba "kiwango cha kupisha" ni maneno matatu. Mwalimu wa zamu naye ni maneno matatu, na hakuna aliyeshindwa kumwita. Wapo wanaotaka nomino moja, "upishaji", lakini hiyo itatufikisha jikoni, na mwanafunzi atauliza mpishi ni nani.

Pingamizi lililonikera ni la wale wasemao: kwa nini mjisumbue, si wasome kwa Kiingereza? Mtoto wa Muleba hufikia Kiingereza akiwa amekwisha kupita Kihaya na Kiswahili. Anakifikia akiwa amechoka, na dhana ya kompyuta inamngoja huko huko. Anayesema asome kwa Kiingereza tu anamwongezea mlima juu ya mlima, kisha anamlaumu kwa kuhema. Tena Kiingereza chenyewe katika jambo hili si cha kuigwa. Kazi ya mfumo inayosoma namba hii huitwa kwa Kiingereza getpriority, na inayoiweka huitwa setpriority, ilhali wanachokisoma na kukiweka ni nice, kinyume chake. Mkanganyiko ni wao. Sisi tumeuagiza kutoka nje na kuulipia usafiri. Majina ya amri yabaki kama yalivyo, maana ni majina, na jina la mtu halitafsiriwi. Maelezo ndiyo yawe yetu.

Wala hatuanzi sifuri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizosema Kiswahili tangu menyu hadi ujumbe wa makosa. BAKITA ipo kwa sheria tangu 1967. Kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, tunasikia hotuba za kukisifu Kiswahili kuwa ni lugha ya sayansi na teknolojia. Mimi ningependa mwaka mmoja hotuba ziwe fupi, na muda unaobaki zisomwe istilahi ishirini za kompyuta hadharani, moja moja, watunzi na mafundi wakiwa chumba kimoja, kila neno litetewe au liondolewe.

Kwa sasa nimeandaa barua kwa BAKITA. Ina mapendekezo manne: mpangazamu badala ya mpanga ratiba, kiwango cha kupisha kwa namba ya -20 hadi 19, kipaumbele kwa namba ambazo ukubwa wake ni kutangulia, na kwa hizo tu, na kipaumbele cha kuazima badala ya urithi wa kipaumbele. La tano bado limenishinda: mchakato unaopishana na wakubwa mfululizo hata usipate zamu kabisa, Waingereza husema umekufa njaa. Kunyimwa zamu kuna sauti ya makusudi, na hapa hakuna aliyekusudia. Kukosa zamu ni kwepesi mno. Barua nitaituma mwisho wa mwezi. Mwenye neno la tano, au mwenye neno linalolishinda kupisha, alilete hapa kwa hoja kabla ya siku hiyo.